Selway Kumi na Mmoja

Moffat Selway alikuwa na miaka sitini, na kwa miaka yote hiyo hajapata kumtajia mtu jina lake mara moja likatosha. Alipokuwa utingo wa malori ya Mombasa waliliuliza mara mbili. Alipochomelea vyuma Ndola wakaliuliza mara tatu. Na huku Johannesburg, ambako miguu ilimshusha miaka ishirini iliyopita ikakataa kusonga tena, watu walilirudia mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi wa kwa jirani: "Selway? Wewe huyu? Umelitoa wapi?"

Jibu alikuwa nalo tayari kama ufunguo wa mlango. "Babu yangu alizaliwa Uingereza."

Alilitoa jibu hilo akiwa na kizibao cha kung'aa kifuani, mbele ya duka la mabati na misumari katika mtaa wa Kensington wa mji huo huo, akiwapungia wenye magari warudi nyuma, warudi, warudi, basi. Walicheka. Naye alicheka nao, maana mtu mweusi tii anayesema babu yake ni wa Uingereza ni lazima awahi kucheka, asije akachekwa peke yake. Lakini moyoni hakuwa na mzaha. Hiyo ndiyo hadithi aliyolelewa nayo, na nyingine hakuwa nayo.

Ilianza kwa bibi yake, mama wa baba yake, ambaye wajukuu walimwita Guku. Guku alimkuta mumewe kwenye shamba la mahindi la mzungu, upande wa Kitale, miaka ya baada ya ile vita ya kwanza ya Wazungu. Shambani wote walimwita Selway. Hata kwenye kile kikopo cha bati walichovalishwa watu shingoni enzi za mkoloni, kipande, karatasi ya ndani iliandikwa Selway. Guku hakumjua kwa jina jingine. Mtu mwenyewe alikuwa msiri. Kwao hakupataja, alinyoosha kidole tu kuelekea vilima vya Maragoli, akanyamaza. Na alikuwa na tabia moja ambayo Guku aliingia nayo kaburini bila kuipatia maana: kila alipoitwa kwa sauti, "Selway!", alicheka. Alicheka peke yake, mabega yakitikisika, siku nyingine mpaka machozi yakamtoka. Ukimuuliza, anafuta macho, anashika jembe.

Homa ikamuua Selway mtoto wao akiwa na miaka minne. Guku akambeba mtoto mpaka kwenye vilima vile, akawaambia wazee: nimewaletea damu yenu, mpeni mahali pa kujenga.

"Baba yake nani?"

"Selway."

Wazee wakatazamana. Selway ndiye nani? Mwana wa nani? Alitahiriwa mwaka gani, pamoja na kina nani? Guku hana la kusema. Mzee mmoja akatema mate pembeni. "Mama, hilo ni jina la Wazungu. Mrudishe mtoto kwa wenyewe."

Hapo ndipo Uingereza wao ulipoanzia. Mtoto yule aliyekataliwa, ambaye ndiye baba wa Moffat, alipokua alilichukua tusi akalivaa kama koti. Kama baba yake hakutaja kwao, alisema, ni kwa sababu kwao kulikuwa ng'ambo. Mzungu fulani Selway alimzaa na mwanamke mweusi huko huko Uingereza. Vita vikamleta Afrika, vikamwacha. Mwaka kwa mwaka hadithi ikanenepa, ikaota mpaka meli na sanduku la ngozi. Shamba hawakupata. Walipanga vyumba sokoni, wakahama, wakapanga tena, na Moffat alipopata nguvu za kudandia lori hakuona cha kumzuia. Asiye na shina haogopi upepo, alizoea kusema. Alikuwa kijana wakati huo, hajui kwamba upepo una mwisho wake.

Mwisho wake ulikuwa chumba kimoja mtaani Bellevue, kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa kwa mbao laini wakapata vyumba tisa, na bomba moja uani. Aliishi humo na binti yake Rispah, wa miaka kumi na saba. Mama yake Rispah walimzika huku huku, mtoto akiwa darasa la tatu. Rispah alizaliwa Johannesburg, akasoma Johannesburg, akaota kwa Kizulu. Kiswahili alikisikia chote. Kukisema ndiyo shughuli. Ukimsalimu kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, na ukimkaripia anajibu kwa Kizulu ili usimshike vizuri.

Lakini kuzaliwa mahali si kuwa na karatasi za mahali. Kibali cha Moffat kilikwisha, akaomba kingine, akanyimwa. Akakata rufaa, akanyimwa. Kila alichonyimwa yeye, mtoto alinyimwa naye. Shule ilimvumilia. Mwalimu wa hesabu alisema huyu binti ana kichwa cha chuo kikuu, na vyuo vikuu vyote, kwenye mstari wa kwanza wa fomu, vilitaka namba ya kitambulisho. Tarehe kumi na nne Septemba angetimiza miaka kumi na minane, na kuanzia siku hiyo asingekuwa tena mtoto wa mtu asiye na karatasi. Angekuwa yeye mwenyewe mtu asiye na karatasi.

Sasa, mwezi wa sita, shuleni kwao wakapewa kazi: kila mmoja aandike asili ya jina la ukoo wake. Rispah akakaa kitandani na simu, baba yake akipasha maharagwe.

"Baba," alisema kwa Kiingereza chake cha haraka, "liko humu."

"Nini kiko humo?"

"Jina letu. Lina ukurasa wake mzima."

Moffat alizima jiko. Rispah akamsomea, akimtafsiria kidogo kidogo pale mzee alipokunja uso. Jina Selway, wale wa mtandaoni waliandika, ni la kale sana, kabla hata Waingereza hawajaanza kutumia majina ya ukoo. Lilikuwa jina la mtu, lililounganishwa kwa vipande viwili: kimoja maana yake heri, kingine maana yake vita. Lina watu wake hasa upande wa kusini-magharibi wa nchi ile, kwenye malisho na makanisa ya mawe. Halina wengi. Kwenye orodha ya majina ya Uingereza yenyewe lilisukumwa huko chini, nyuma ya maelfu. Halafu palikuwa na jedwali la nchi moja moja.

"Kenya," Rispah alisoma, "kumi na moja."

"Kumi na moja nini?"

"Watu, Baba. Watu wenye jina."

Moffat alianza kuhesabu kwa vidole. Yeye. Kaka yake Bramwel, aliyekuwa mzee wa kanisa huko Eldoret. Watoto sita wa Bramwel. Wajukuu wawili wa Bramwel. Hao kumi. Alipata wa kumi na moja kwa kumtia dada yao aliyezikwa mwaka juzi. Akabaki na vidole vyake hewani. Hajawahi kuhesabiwa na mtu yeyote popote ila kwa kufukuzwa, na kumbe kuna mahali, hata hamjui aliyehesabu, alikuwa ndani ya namba.

"Heri na vita," alisema. "Unaona? Si jina la kuokota."

"Eish, Baba. Vita tumeiona. Heri iko wapi?"

Chini ya ukurasa palikuwa na nafasi ya watu kuandika. Moffat akamwambia andika: sisi ni Selway wa Kenya, babu yetu alizaliwa huko kwenu, tunatafuta ndugu. Rispah akaandika huku akizungusha macho. Siku ya nne jibu likaja.

Aliyejibu aliitwa Roland Selway, mzee wa miaka sabini na saba, mstaafu wa posta, anayekusanya kila Selway aliyepata kuishi duniani kama watu wengine wanavyokusanya stempu. Aliandika kwa furaha ya mtu mpweke. Kenya ilikuwa imemnyima usingizi kwa miaka, alisema. Alikuwa na Selway wa Australia, wa Kanada, wote na mizizi yao, ila hao kumi na mmoja wa Kenya waliota kama uyoga, bila mbegu. "Mpendwa binamu," ndivyo alivyoanza. Rispah alilisoma neno hilo mara mbili, na Moffat akamwomba ya tatu.

Palikuwa na mama mmoja mwanasheria aliyezoea kuegesha gari lake dogo jekundu pale dukani Kensington. Moffat alimpungia, akamfungia barabara, halafu akamuuliza kwa heshima kama kuna njia. Mama yule akasimama na mfuko wake wa misumari. Njia ipo, alisema. Mtu wa nchi ya Jumuiya ya Madola, kama wewe Mkenya, ambaye babu yake alizaliwa Uingereza, anaweza kuomba kwenda kuishi na kufanya kazi kule. Anaweza kwenda na mtoto wake.

"Mtoto wa umri gani, Mama?"

"Chini ya miaka kumi na minane, siku unayoomba."

"Na wanataka nini?"

"Cheti cha babu cha kuzaliwa. Hicho kwanza. Bila hicho usijisumbue, mzee wangu."

Basi yote yakawa yamesimama juu ya msumari mmoja: mahali alipozaliwa Selway wa kwanza. Roland akaambiwa. Roland akasema hiyo ndiyo kazi aliyoumbiwa.

Julai ilipita na baridi yake ya kukausha midomo. Roland akaandika kwamba kwenye orodha za walowezi hayumo. Kwenye orodha za meli hayumo. Agosti ikaingia. Moffat akaanza kuamka akimwambia Rispah habari za hali ya hewa ya Uingereza alizosikia kwa wateja, kwamba mvua yake ni nyembamba, haipigi, inakaa tu juu ya mtu. Rispah akawa anasikiliza. Siku moja baba yake alimkuta ameandika nyuma ya daftari, kwa mwandiko mzuri, mara nyingi kama anayejaribu kalamu: Rispah Selway, Rispah Selway, Uingereza. Moffat alilifunga daftari taratibu kama mlango wa chumba alimolala mtoto.

Tarehe kumi na tisa Agosti Roland akaandika kwa herufi kubwa. AMEPATIKANA. Katika kitabu cha mwaka 1917, cha jeshi la uchukuzi, wale wabeba mizigo wa vita ya Afrika Mashariki, kuna mstari mmoja. Jina: Selway. Jina la baba: Seelewy. Alikozaliwa: Selewi. Kabila: hakuna, wameweka kistari tu. "Hana kabila, binamu yangu!" Roland aliandika. "Wenzake wote katika ukurasa wana kabila, yeye hana. Maana yake ni wa kwetu! Na kijiji kimepewa jina la familia, au familia jina la kijiji. Sikijui, lakini vijiji vidogo vya zamani vimekufa vingi. Nitakitafuta kanisa kwa kanisa. Nina gari na nina afya."

Jioni hiyo Moffat alinunua kuku.

Zilibaki wiki tatu na siku chache. Roland akawa anatuma habari kila baada ya siku mbili: leo nimetazama makaburi ya kanisa fulani, padri alinipa chai, leo mvua, leo hapana, lakini karani wa parokia ameahidi kufungua vitabu. Mzee wa miaka sabini na saba akiendesha gari peke yake kwenye vichochoro vya mashamba, akitafuta kijiji kinachoitwa Selewi. Moffat alimwombea kila usiku, yeye na gari lake.

Halafu Roland akapata picha ya ukurasa wenyewe, akaituma. Moffat akaenda kuichapa dukani, wakamtolea kwa karatasi kubwa, na siku ya Jumamosi mchana akaileta nyumbani ameikunja ndani ya gazeti. Barazani mwa nyumba ile, palipozibwa kwa bati, palikuwa na saluni ya Marthe, mama Mkongomani kutoka Bukavu, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Hakuwa na mteja. Alikuwa akichambua nywele za bandia.

"Papa Moffat! Unatembea leo kama bwana harusi. Iko nini mu gazeti?"

"Babu yangu."

"Ee! Ulimukunja hivi, atavunjika." Akajifuta mikono. "Leta nione."

Moffat akaitandaza juu ya kiti cha kukaushia nywele. Mistari, wino uliofifia, mwandiko wa mtu mwenye haraka. Akamwonyesha kwa kidole. Marthe Kiingereza hakukijua. Alisoma Bukavu kwa Kifaransa na Kiswahili, na kila herufi aliyoiona aliitamka vile alivyofundishwa na watawa, yote, bila kuacha moja. Akainama, akaweka kucha yake nyekundu kwenye safu ya tatu, ya alikozaliwa.

"Se-le-wi," alisoma. Akarudi safu ya pili. "Se-e-le-wi." Akasoma tena haraka, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli. "Seelewi. Si-elewi." Akainua uso. "Papa Moffat, ni Kiswahili hii."

"Si Kiswahili. Ni Kiingereza cha zamani. Maana yake heri na vita."

"Hapana, sikiliza. Sisi kwetu tunasema sisikie. Lakini Batanzania bale ba kanisa yetu banasema hivi hivi, sielewi. Angalia. Muzungu alimuuliza, jina yako ni nani? Yeye akajibu, sielewi. Muzungu akaandika. Baba yako ni nani? Sielewi. Akaandika. Ulizaliwa wapi? Sielewi." Marthe alianza kucheka, mkono mdomoni. "Kabila? Sielewi! Njo hapa muzungu alichoka, akaweka mustari! Ee Mungu wangu, Papa Moffat, huyu..."

Aliona uso wa Moffat, kicheko kikamfia mkononi.

Moffat aliinama juu ya kiti. Aliitazama karatasi, na mstari ule, ambao kwa siku kumi ulikuwa barua ya kutoka kwa ndugu, sasa ulikuwa unaongea kwa sauti aliyoijua. Alimwona kijana wa miaka kumi na minane au kumi na tisa, aliyekamatwa njiani pamoja na wenzake kwenda kubeba mizigo ya vita isiyomhusu. Lugha yake ni ya vilimani kwao. Mjanja fulani kwenye foleni, aliyewahi kufika pwani, amewanong'oneza: mzungu mgeni huyu, hajui hata Kiswahili, akikuuliza lolote mwambie sielewi, atakuona mjinga, atakuachilia. Neno moja tu la Kiswahili, la kujiokolea. Kijana akalishika vizuri asilisahau. Akalisema mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na neno alilopewa la kukimbilia ndilo walilomfungia shingoni.

Ndiyo maana alicheka. Alipokuja kukijua Kiswahili sawasawa, shambani, kila walipomwita alisikia anaitwa Sielewi. Aseme? Amwambie nani, kwamba kipande chake kina uongo? Kubadilisha kipande ilikuwa jela. Akacheka. Na jina lake la kweli, alilopewa na mama yake, alilotahiriwa nalo, ambalo lingetajwa mbele ya wazee wale siku Guku alipofika na mtoto mgongoni, na wakasema ah, kumbe mwana wa fulani, kaa, hilo alikufa nalo mdomoni.

"Papa," Marthe alisema kwa sauti ya chini, "labda mimi nasoma mubaya. Mimi Anglais sijue."

"Umesoma vizuri, Mama. Kama ungejua Kiingereza usingeweza."

Alimpigia Bramwel jioni ile, akiwa amesimama uani karibu na bomba. Akamweleza polepole.

"Bramwel?"

"Nimesikia. Umemwambia nani?"

"Hakuna. Ni Marthe tu, jirani."

"Basi ishie hapo. Moffat, mimi hapa ni Mzee Selway. Kwenye benchi la kanisa wameandika Selway. Mwanangu ana duka, Selway na Wanawe. Unataka niwaambie nini, kwamba sisi ni Sielewi na Wanawe?"

"Nilidhani labda kwa karatasi hii tungeweza kuuliza tena vilimani. Tujue ukoo."

"Uulize kwa kutaja nini? Jina unalo? La baba yake unalo? Kijiji unacho?" Bramwel alikohoa. "Babu amejibu maswali yote matatu, na yote ameyajibu sawa."

Kaka yake alisema kweli. Uingereza ulikuwa umekwenda, na Maragoli haikurudi mahali pake.

Kilichobaki ni Roland. Haki ilikuwa kumwandikia siku ile ile: binamu, simamisha gari, kijiji hakipo. Moffat alijaribu. Kiingereza chake cha kuandika kilikuwa cha kuokoteza, na Rispah ndiye aliyemwandikia siku zote. Kumwambia Roland ilikuwa kumwambia Rispah. Akasema kesho. Jumatatu Rispah alirudi kutoka shuleni na fomu ya chuo kikuu, akaiweka chini ya godoro bila kuijaza. "Papa Roland akipata tu," alisema, na alisema "Papa" kama Marthe asemavyo, "najaza na ya kule." Moffat akasema keshokutwa. Kwa hiyo wiki mbili nzima mzee wa watu alizunguka makanisani kwenye mvua nyembamba akitafuta mahali panapoitwa Sielewi, na hakuna aliyemzuia.

Pale Kensington yule mama wa gari jekundu alimuuliza, "Cheti umepata?"

"Kinatafutwa, Mama."

"Siku zinakwenda, mzee wangu."

"Zinakwenda."

Tarehe kumi na nne Septemba iliangukia Jumapili. Marthe alimsuka Rispah bila kumtoza, akamletea keki yenye maua ya sukari. Roland alituma salamu za kuzaliwa kwa binamu yake mdogo. Hajakipata kijiji, aliandika, lakini hakati tamaa. Majira ya kiangazi yamekwisha, atapumzisha kidogo kifua chake kilichopata baridi kisha aanze upande wa pili wa mto.

Rispah alisoma hadi mwisho, akaweka simu kifudifudi juu ya meza.

"Kwa hiyo imepita," alisema.

"Imepita."

"Angeandika wiki ijayo amepata, bado imepita."

"Hatapata, mwanangu." Moffat akavuta kiti. Akaitoa karatasi kubwa nyuma ya kabati, akaitandaza karibu na keki, na akamweleza. Hakuficha kitu, hata zile wiki mbili za kunyamaza hakuzificha. Alimsomesha kwa kidole kama Marthe alivyosoma, herufi kwa herufi, safu kwa safu. Rispah alifuata kidole. Midomo yake ilisogea bila sauti. Alipofika kwenye kistari alibaki hapo muda mrefu.

Moffat alingoja alie, au amtukane kwa Kizulu. Angefurahi kwa lolote kati ya hayo.

"Kazi ya shule nilipata alama tisini," Rispah alisema hatimaye. "Heri na vita. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa." Akainuka, akaikunja karatasi kwenye mikunjo yake ile ile, akaivuta fomu chini ya godoro, akaitia ndani yake. Vyote viwili akavirudisha nyuma ya kabati. "Roland unamwambia wewe. Mimi siandiki."

Moffat hakumwambia. Mpaka leo hajamwambia. Barua bado zinakuja, fupi fupi, na kifua cha mzee hakijapona.

Rispah alimaliza mitihani mwezi wa kumi na moja, akafaulu kama mwalimu alivyosema, na Januari, wenzake walipokuwa wakipanga foleni vyuoni, alifunga kitambaa kichwani akaingia barazani kwa Marthe kuosha nywele za watu. Ana mikono mizuri. Marthe anasema ana mikono ya kazi hii, na Moffat akisikia hivyo hutazama pembeni.

Asubuhi moja Moffat alikuwa anatoka kwenda Kensington, kizibao begani, akasimama mlangoni kufunga kamba ya kiatu. Ndani ya saluni palikuwa na mteja, mama mnene wa Kitanzania mwenye sauti ya sokoni, kichwa chake nyuma kwenye beseni, macho yamefumbwa, mdomo haufumbwi.

"Mikono yako inajua. Unaitwa nani, binti?"

"Rispah," Rispah alisema.

"Rispah nani?"

"Selway."

"Selway?" Mama yule alifumbua jicho moja. Akalirudia taratibu, akilionja. "Selway. Makubwa! Jina la wapi hilo, mwanangu?"

Moffat aliacha kamba ya kiatu. Maji yalisikika yakimiminika kwenye beseni. Na Rispah, ambaye Kiswahili kilikuwa hakimtoki, akajibu kwa Kiswahili safi, kila herufi mahali pake.

"Sielewi."

"Haa! Hujui?" Mama wa watu alisikitika kwelikweli. "Hata baba yako hajapata kukwambia? Wazee wengine hawa, sijui wakoje. Haya, ongeza maji ya moto kidogo."

Rispah akaongeza maji.